Nusu ya Bei: Kuomba na Kupewa Kilosa na Mikumi

Mzazi wa Kilosa au Mikumi anayeombwa leo achangie ununuzi wa PlayStation hudhani ameletewa balaa la kizazi hiki. Kijana anataka laki kadhaa kwa ajili ya kifaa kisicholima, kisichopika wala kubeba gunia, na mzazi anajiambia kwamba enzi zake asingethubutu hata kufungua kinywa. Kumbukumbu hiyo imepunguka. Katika eneo hili, ambako reli, katani, barabara kuu na miwa vimeleta fedha kwa mafungu tangu zama za Wajerumani, vijana wamewaomba wakubwa wao vitu vya anasa kwa zaidi ya miaka mia moja, na wakubwa wamekataa kwanza, wakakubali baadaye. Nguo ya dukani, baiskeli, redio na televisheni vyote vilipita kwenye mabishano yaleyale. Ninachodai hapa ni kwamba ombi lililofaulu lilifanana karibu kila mara: mwombaji hakuja mikono mitupu. Alileta sehemu ya bei iliyotokana na jasho lake, na kwa sehemu hiyo akageuza ombi kuwa shauri la watu wawili wenye mali. Gemu ni mgeni wa karibuni katika desturi hiyo, na mzazi anayeijua ana namna nzuri zaidi ya kujibu kuliko kukataa au kusalimu amri.

Kwanza yafaa kuuliza mzazi mwenyewe ni nani. Wasagara, Wavidunda na Wakaguru, wenyeji wa milima na mabonde ya Wilaya ya Kilosa, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana sauti juu yake ambayo baba peke yake hana. T. O. Beidelman, Mmarekani aliyefanya utafiti Ukaguru mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati Gairo, sehemu ya nchi hiyo ya Wakaguru, ingali ndani ya Wilaya ya Kilosa, aliandika kwa kirefu jinsi kijana alivyowategemea wakubwa wa pande zote mbili ili apate mahari, na jinsi wakubwa hao walivyoutumia utegemezi huo kumweka chini ya mamlaka yao. Mali nzito haikutoka mfuko mmoja. Baba alikuwa na fungu lake, wajomba fungu lao, na kijana aliyekosana na upande mmoja alikuta hesabu haitimii. Kwa hiyo kuomba hakukuwa jambo la mtoto kumkabili baba sebuleni. Kulikuwa ni kuzunguka: kwa bibi, kwa mjomba mkubwa, kwa yule shangazi ambaye baba hawezi kumbishia, mpaka neno limfikie mwenye kauli likiwa limekwisha kulainishwa na vinywa vingine. Nalisema hili mapema kwa sababu mijadala ya leo kuhusu watoto na vifaa huchukulia kwamba kuna mzazi mmoja mwenye pochi moja, na kwamba ushawishi ni ufundi wa maneno. Kilosa haikuwa hivyo, na katika nyumba nyingi bado haiko hivyo.

Kabla ya shilingi, anasa yenyewe ilikuwa nguo. Njia ya misafara kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipanda kwa bonde la Mto Mkondoa. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipita katika nchi ya Wasagara mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, wote wakitanguliza merikani, kaniki, shanga na waya kulipia chakula na hongo, yaani ushuru wa kupita. Kitambaa kilikuwa vazi na fedha kwa pamoja, nacho kiliingia zaidi kwa mikono ya wakuu na wazee wa koo, ambao ndio waliopokea hongo na kuigawa. Kijana aliyetaka shuka jipya alikuwa na njia chache: kumtumikia mkubwa mpaka amkumbuke, au kujitwika mzigo akaenda na msafara. Njia hii ya pili ndiyo iliyoanza kuubadili mchezo. Aliyerudi na doti yake mwenyewe begani hakuwa tena mwombaji wa kawaida.

Reli ikaikuza njia hiyo ya pili mara nyingi. Ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa kuelekea Dodoma, na mwaka 1914 ikagusa Kigoma. Kando yake, Kimamba, Rudewa na Kilosa penyewe, yakaenea mashamba ya katani, na kwenye stesheni yakaota maduka ya Wahindi na Waarabu. Manamba, vibarua wa mkataba, waliletwa kutoka mbali, kusini na magharibi mwa Tanganyika, wakifanya kazi kwa kipande, kadi ya siku 30 ambazo zilipaswa kutimia ndipo ujira utoke. Wenyeji wengi waliona heri kuwauzia manamba hao mahindi na ndizi kuliko kukata mkonge, lakini ama kwa kipande ama kwa kikapu cha mahindi, fedha ikaanza kupita mikononi mwa vijana bila kupitia kwanza kwa mzee. Siyo yote, bila shaka. Kodi ya serikali ilikuwa na haki ya kwanza, na kijana wa enzi za Waingereza aliyepokea ujira alijua kwamba karani wa kodi naye anajua. Kilichobaki ndicho kilichokuwa chake, na kilikuwa kidogo mno kununua kitu kikubwa, ila kikubwa kiasi cha kuanzia mazungumzo.

Kitu kikubwa cha wakati huo kilikuwa baiskeli. Ilitoka Uingereza, iling'aa, na mwanzoni ilikuwa chombo cha karani, mwalimu wa misheni na askari. Mzee wa kijijini aliyeombwa kuongeza shilingi ili mpwa wake apate baiskeli alikuwa na sababu nzuri za kusita. Fedha hiyo ingetosha mbuzi kadhaa, mbuzi huzaa, na baiskeli haizai. Tena kijana mwenye baiskeli ni kijana anayeweza kufika Kimamba na kurudi kabla watu hawajamkosa. Hapo ndipo thamani ya sehemu iliyokwisha kulipwa inapoonekana. Kijana aliyeweka mezani theluthi au nusu ya bei alikuwa ametoa ushahidi ambao maneno yasingeweza kuutoa: kwamba ameitaka kwa muda mrefu, kwamba ana mikono, na kwamba kitu chenyewe kitatunzwa, kwa kuwa mtu hulinda kilichomtoa jasho. Na mzee aliyeongeza nusu ya pili alipata sauti juu ya baiskeli. Ikawa ya kupeleka gunia mnadani, ya kumbeba mgonjwa, ya mjomba kuazima siku ya msiba. Ndani ya kizazi kimoja hakuna aliyeiita anasa. Watu wengi husimulia badiliko hili kama vile baiskeli yenyewe iligeuka ikawa na manufaa. Mimi naona mpangilio wa malipo ndio uliofanya kazi: kifaa kilichochangiwa na wawili hakingeweza kubaki cha mmoja.

Redio ilifuata njia hiyo kwa haraka zaidi. Utangazaji wa Kiswahili kutoka Dar es Salaam ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Shirika la Utangazaji la Tanganyika likaundwa mwaka 1956. Redio ya transista ilihitaji betri, na betri zilihitaji fedha kila mara, kwa hiyo mzazi aliombwa mara mbili: siku ya kununua na siku zote baada yake. Iliyoitoa redio katika lawama za muziki na uvivu ni serikali. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili nchini kote katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadili maji, choo na malaria. Baba aliyekuwa akigomba kwa ajili ya dansi akajikuta ndiye anayeongeza sauti. Dansi iliendelea kuwepo usiku, na hakuna aliyeuliza.

Kisha ikaja miaka ambayo ushawishi haukuwa na maana. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, maduka yalikuwa matupu. Hata sukari, inayotengenezwa Kilombero, ng'ambo tu ya Mto Ruaha Mkuu, ilikuwa adimu. Mwaka 1983 serikali iliendesha msako dhidi ya wahujumu uchumi, na mtu mwenye redio mpya angeweza kuulizwa ameitoa wapi. Mzazi wa wakati huo hakuhitaji hoja ya kukataa, kwa kuwa hapakuwa na cha kununua. Nadhani kumbukumbu ya wazazi na mababu wengi wa leo, ile inayosema zamani watoto hawakuomba, inatoka hasa katika miaka hii. Ni kumbukumbu ya kweli ya kipindi kimoja kigumu, ikanyooshwa mpaka ikafunika zamani zote. Bajeti ya Juni 1984 iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, utawala wa Rais Ali Hassan Mwinyi ukafungua zaidi, na maombi yakarudi na riba.

Televisheni ilichelewa kwa namna ya pekee. Zanzibar ilikuwa na kituo chake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na hata kimoja mpaka mwaka 1994, vilipoanza vituo vya watu binafsi, ITV na DTV. Mwaka huohuo, mwezi Desemba, Sony ilitoa PlayStation ya kwanza huko Japani. Nchi nyingine zilikuwa na miaka thelathini au arobaini ya kuizoea televisheni kama chombo cha habari na mahubiri kabla ya mtu kuichomekea gemu. Kwetu vyote viwili vilifika karibu pamoja, na kwa mtoto wa Kilosa aliyezaliwa miaka hiyo hakukuwa na sababu ya kuona kimoja ni halali na kingine ni upotevu. Mzazi, kwa upande wake, hakuwa amemaliza hata kuamua kuhusu televisheni yenyewe.

Umeme nao ulikuwa na mambo yake. Kituo cha kufua umeme cha Kidatu kilianza kazi mwaka 1975 na baadaye kikafikia megawati 204, nguzo zake zikapeleka nguvu Morogoro na Dar es Salaam huku vijiji vingi vya njiani vikiwasha vibatari. Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005, ndio uliosogeza nyaya kwenye vijiji vingi zaidi. Kwa muda mrefu, basi, kuona picha kulikuwa shughuli ya kulipia katika kibanda umiza: turubai au mabati, mabenchi, jenereta au waya wa kuunga, filamu iliyotafsiriwa na msimulizi, na mpira wa Ulaya siku za wikendi. Mikumi, kituo cha malori na mabasi kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia, penye wageni wa hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, palikuwa pahali pa wazi pa biashara ya namna hii, na mji wa Kilosa, wenye stesheni, vivyo hivyo. Kibanda kiliwafundisha watoto kwamba burudani ya kioo hununuliwa kwa vipande vidogo vidogo, nje ya nyumba, mbali na macho ya mzazi.

Gemu lilirithi kibanda hicho. PlayStation 2 ya mwaka 2000, iliyouzwa zaidi ya 150,000,000 duniani, ndiyo iliyofika kwa wingi, mara nyingi ikiwa imekwisha tumika, kupitia Kariakoo. Mwenye banda alinunua moja au mbili, akaweka gemu la mpira la Winning Eleven, akatoza kwa mechi, na watoto wakapanga foleni wakisubiri pedi. Tazama jinsi mambo yalivyopinduka. Baiskeli na redio zilianza kama mali ya nyumbani zikageuka kuwa na kazi. Gemu lilianza kama biashara ya mtu mwingine, mtoto akiwa mteja. Swali la mzazi wa Kilosa kwa hiyo halikuwa kamwe kama mtoto wake atacheza. Mtoto alikwisha kucheza, kwa fedha aliyopewa ya chumvi na chenji ya sabuni, katika banda ambalo mzazi hakuwahi kuingia. Ombi la kununua kifaa kiwe nyumbani ni ombi la kuhamisha mchezo kutoka banda hadi sebuleni, na ndivyo linavyopaswa kupimwa. Chukua mfano wa hesabu tu: kijana anayetumia shilingi 500 kwa siku, siku tano kwa wiki, ametumia 130,000 kwa mwaka, na mwisho wa mwaka hana hata waya.

Pingamizi la kwanza ni bei, nalo ni zito kuliko waandishi wa mijini wanavyokiri. PlayStation 4 ilipotoka Marekani mwishoni mwa 2013 kwa dola 399, bei hiyo ilikuwa kama shilingi 640,000 kwa kiwango cha wakati ule. Kima cha chini cha mshahara wa sekta ya kilimo kwa amri ya mwaka huohuo kilikuwa shilingi 100,000 kwa mwezi. Mfanyakazi wa shambani angehitaji zaidi ya miezi sita bila kula. Kifaa kilichotumika cha kizazi cha nyuma kina nafuu, lakini nafuu hiyo bado ni laki kadhaa, na kwa nyumba nyingi za kata za Ulaya, Zombo au Malolo jibu la haki ni hapana. Sioni hili kama linaivunja hoja. Desturi ya nusu ya bei ilikuwa na kazi ya pili ambayo husahaulika: ilimlinda mzazi. Baba aliyesema leta nusu nami nitaangalia hakulazimika kusema hapana. Kama nusu haikupatikana, ombi lilififia lenyewe bila ugomvi na bila mtoto kudhani hapendwi. Na kama ilipatikana, ilichukua muda, na katika muda huo kijana mwenyewe mara nyingi alibadili mawazo akanunua kitu kingine. Kibubu ni kichujio kizuri cha tamaa.

Msimu ulisaidia na unasaidia bado. Wakulima wa miwa wa Kidodi na Ruhembe hawapokei fedha kila Ijumaa. Hupokea miwa ikishavunwa, ikapimwa na kiwanda kikalipa, na mwenye mpunga au ufuta kwenye tambarare za Kilosa vilevile ana miezi ya kuwa na kitu na miezi ya kukopa. Kijana anayeomba mwezi Februari, wakati nyumba inanunua mahindi, ameomba kukataliwa. Wanaojua hungoja, wanapalilia, wanabeba, na wanaomba palipo na harufu ya malipo. Siku hizi fungu la mjomba nalo limepata njia mpya. Tangu huduma ya fedha kwa simu ilipoanza nchini mwaka 2008, ndugu aliye Dar es Salaam au Morogoro anaweza kuweka elfu ishirini zake bila kusafiri, na tangu katikati ya mwaka 2024 treni ya reli ya kisasa inasimama Kilosa ikitoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, kwa hiyo anaweza kulileta boksi lenyewe. Ule mzunguko wa zamani wa kupitia kwa bibi na mjomba umehamia kwenye simu bila kubadilika sana.

Wapo watakaosema kwamba kumtaka mtoto atafute nusu ni kumfanya kibarua. Hatari ipo, na katika wilaya yenye mashamba makubwa haifai kuchezewa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14 na inakataza kazi ya kumdhuru au kumnyonya. Kukata miwa si kazi nyepesi kwa mtoto hata aitake vipi. Kufuga kuku wachache, kuuza mboga za bustani ya nyumbani, kumsaidia fundi siku ya Jumamosi ni jambo jingine. Ila kwa mtoto aliye chini ya umri huo, nusu ya bei inapaswa kupimwa kwa kitu kingine kisicho fedha, na wazazi wa eneo hili wamekuwa na kipimo hicho tangu shule zilipoenea: matokeo. Ahadi ya baiskeli kwa atakayefaulu darasa la saba ni kongwe na inajulikana kila kijiji. Kasoro yake ni kwamba wazazi wengi waliiahidi wakiamini mtoto hatafaulu.

Na hapo linaingia pingamizi la shule, ambalo ndilo linalosemwa zaidi na kufikiriwa kidogo zaidi. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mwaka 2019 orodha mpya ya magonjwa ambayo ndani yake mna ugonjwa wa kucheza gemu kupita kiasi. Haifai kujifanya kwamba hofu ya wazazi ni ushamba. China, mwaka 2021, iliwawekea walio chini ya miaka 18 kikomo cha gemu za mtandaoni cha saa moja tu usiku wa Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Huko dola imejitwalia kazi ya baba na mama. Hapa hakuna atakayemfanyia mzazi kazi hiyo, kwa hiyo swali ni wapi anaweza kuifanya mwenyewe. Banda limefunguliwa wakati wa masomo na mwenye banda anahitaji hela ya kodi. Hana sababu ya kumfukuza mtoto mwenye shilingi. Nyumbani kuna waya unaoweza kuchomolewa na pedi zinazoweza kufungiwa kabatini. Mzazi aliyechangia nusu ana haki ya kufanya hivyo, na kijana anajua ana haki hiyo, kama mjomba alivyokuwa na haki ya kuazima baiskeli. Mzazi aliyenunua kifaa chote kwa kuchoshwa na kelele huona haya kukichukua, kwa kuwa ametoa zawadi. Aliyekataa kabisa hana cha kuchomoa.

Pingamizi jingine huchanganya mambo mawili. Watu wengi wakisikia mashine ya mchezo hufikiria zile mashine za kamari zilizotapakaa kwenye maduka na vilabu, ambazo watoto hutumbukizia sarafu wakitaraji zitatema nyingi. Hizo zina sheria yake, ya mwaka 2003, na bodi yake ya kusimamia, na kisheria hazimhusu mtoto kwa namna yoyote. Gemu la mpira halitemi fedha. Hata hivyo nisingependa kuupuuza wasiwasi huo wote, maana mabandani wachezaji huwekeana dau, anayefungwa akalipa, na mstari kati ya mchezo na kamari huvukwa palepale bila mashine yoyote ya sarafu. Ni sababu nyingine ya kuuliza mchezo unafanyika wapi.

Pingamizi gumu kuliko yote ni lile la mbuzi. Baiskeli ilibeba gunia, redio ilileta bei ya pamba na tangazo la msiba. Gemu linaleta nini? Nikiulizwa hivyo sitajaribu kudai kwamba linafundisha Kiingereza au kwamba kijana atakuwa mtaalamu wa kompyuta. Pengine, kwa wachache. Manufaa ya gemu ni mchezo, na mtu anayetaka kulitetea kwa kitu kingine anamdanganya mzazi, ambaye si mjinga. Lakini mchezo wenyewe umeandikwa. Sheria hiyohiyo ya 2009, inapoorodhesha wajibu wa mzazi wa kumtunza mtoto, inataja chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu na maongozi, uhuru, na mwisho haki ya kucheza na kupumzika. Haimlazimishi mtu anunue PlayStation, na mpira wa makaratasi unatimiza sheria vizuri tu. Inachofanya ni kuondoa ile dhana kwamba mchezo ni kitu ambacho mtoto huiba kutoka kwa kazi. Ukikubali hilo, gharama ya mchezo inakuwa jambo la kujadiliwa kama gharama nyingine yoyote: kiasi gani, msimu gani, na nani anaongeza nini.

Historia hii niliyoisimulia ina kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba karibu yote ni ya wavulana. Mpagazi, kijana wa kipande, mwenye baiskeli, mteja wa banda ni watoto wa kiume. Jambo hili linashangaza zaidi katika nchi ambayo ukoo unapita kwa mama na ambako binti ndiye anayeuendeleza. Msichana aliomba pia, ila aliomba kanga, baadaye cherehani, na ombi lake lilipimwa kwa kipimo cha mume ajaye. Banda la gemu halikumbadilishia kitu. Wasichana wachache sana huingia humo, na anayeingia husemwa, na mzazi anayemkataza binti asiende banda la Mikumi mjini, kando ya malori yanayolala njiani, ana sababu zake. Kwa mtoto wa kiume mabishano kuhusu kununua kifaa ni mabishano ya mahali pa kuchezea. Kwa dada yake ni mabishano ya kama atacheza au la, kwa kuwa pedi ya nyumbani ndiyo pekee itakayofika mkononi mwake. Mzazi anayepima ombi la mwanawe angeweza kuuliza, kabla hajaongeza nusu yake, zamu zitagawanywaje, na kama dada mtu naye ametia chochote kwenye kibubu.